Nuru ya Chungwa Ndani ya Tone la Maji

Maji ya tangi la juu ya paa huko Azaiba, Maskati, yakichukuliwa leo asubuhi kupimwa bakteria, jibu lake hutoka kesho. Maabara huchuja mililita 100 kupitia utando wenye vitundu vya mikromita 0.45, ambavyo bakteria wa kinyesi hawezi kupenya. Utando hulazwa juu ya agari ndani ya kisahani, na kisahani hukaa kwenye kabati la joto la nyuzi 44 kwa saa 18 hadi 24. Kila bakteria aliye hai huzaana palepale aliponaswa mpaka wanawe wakawa kidoa kinachoonekana kwa macho, na fundi huvihesabu vidoa hivyo kimoja kimoja. Ni njia iliyokomaa na ya gharama nafuu, na hakuna aliye na haki ya kuibeza. Agari yenyewe hutokana na mwani mwekundu, jamaa wa mwani unaolimwa Paje na Jambiani, ingawa ule wa Unguja hutoa karagenani ya kuyatia uzito maziwa na dawa za meno.

Kasoro yake ni saa. Kisahani kinapokuwa kabatini, nyumba ile imeshachemsha chai, imeshapika wali, imeshatawadha mara tano na kumwogesha mtoto kwa maji yaleyale ambayo hukumu yake haijatoka. Kwa Lejionela, bakteria wa homa ya mapafu anayestawi kwenye maji ya uvuguvugu kati ya nyuzi 25 na 45, kisahani huangaliwa hata siku kumi. Na uvuguvugu ndio hali ya kawaida ya tangi lililo juani Maskati mwezi Juni, ambapo maji ya bomba la "baridi" hutoka ya moto mchana kutwa na klorini iliyotiwa kiwandani hupungua upesi.

Pengo hilo la saa ndilo linalotafutiwa dawa na aina mpya ya vipimo: vihisi vya kibiolojia vinavyotoa nuru kwa kuchochewa na umeme. Wataalamu huiita nuru hiyo elektrokemiluminesensi. Jina ni refu, lakini ukilivunja linasema jambo moja tu, kwamba umeme unaamsha kemia na kemia inatoa nuru.

Mkazi wa Azaiba hana haja ya kwenda mbali kuiona nuru isiyo na moto. Mtaa huu wa wilaya ya Bawshar umejilaza kando ya Bahari ya Oman, kati ya Ghubra na uwanja wa ndege. Katika miezi ya baridi bahari hiyo hugeuka ya kijani kwa wingi wa kiumbe mdogo aitwaye Noctiluca, na usiku wimbi linapovunjika ufukweni hung'aa buluu kwa nukta ya sekunde kisha likazima. Ndani ya kiumbe yule kemikali mbili hukutana na kutoa nuru pindi anapotikiswa. Kihisi cha maabara hufuata kanuni iyo hiyo, ila mahali pa mtikiso pana msukumo wa umeme wa zaidi kidogo ya volti moja, chini ya nguvu ya betri moja ya tochi. Anayeufungua umeme huo ndiye anayeamua nuru itoke lini na itokee wapi.

Dalili za mwanzo za nuru ya namna hii zilionekana kwenye maabara miaka ya 1920, lakini utafiti wa kina ulianza 1964 na 1965. Jina lisilokwepeka hapa ni la Allen Bard wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, aliyefariki Februari 2024. Mwaka 1972 yeye na Nurhan Tokel walionyesha kwamba kiwanja cha madini ya ruteni, kilichozungukwa na molekuli tatu za kikaboni zilizokishika kama vidole, hutoa nuru kikipitishiwa umeme. Kiwanja hicho ndicho moyo wa vipimo vingi vya leo. Ruteni ni madini adimu jamii ya platini, na sehemu kubwa ya ile inayouzwa duniani huchimbwa Afrika Kusini. Kipimo kimoja huhitaji kiasi kidogo mno.

Kinachotokea kwenye uso wa elektrodi kinastahili kutazamwa polepole. Umeme unapofika takriban volti 1.2, kila molekuli ya ruteni iliyo karibu hunyang'anywa elektroni moja. Jirani yake kuna kemikali ya pili, tripropilamini, kioevu chenye harufu ya samaki aliyelala. Nayo hunyang'anywa elektroni, halafu huachia protoni, na kinachobaki ni kipande cha molekuli kisichotulia, chenye hamu kubwa ya kutoa elektroni nyingine. Kipande hicho huipa ruteni elektroni kwa nguvu inayozidi ile inayotakiwa kuirudisha tu. Ziada hiyo haina pa kwenda ila kutoka nje ikiwa nuru, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 620 hivi, rangi ya chungwa lililoiva. Ruteni hurejea ilivyokuwa na kungoja zamu nyingine, na molekuli moja huweza kuwaka mara nyingi mfululizo. Kinachokwisha ni amini.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini pachaguliwe njia yenye vurugu hizo, ilhali zimekuwapo rangi zinazong'aa zikimulikwa tu. Jibu liko kwenye giza. Rangi ya kumulikwa huhitaji taa, na mwanga wa taa hutawanyika kila mahali: kwenye maji, kwenye vumbi, kwenye plastiki ya kisahani. Kinachotafutwa hupotea ndani ya mwanga uliowashwa kukitafutia. Wavuvi wa dagaa wa Unguja hupumzika usiku wa mbalamwezi, kwa sababu karabai haiwezi kushindana na mwezi. Kihisi cha elektrokemiluminesensi huvua usiku wa kiza. Hakuna taa ndani ya chombo, kwa hiyo nuru yoyote inayoonekana ina mtoaji mmoja, nayo husomwa na mrija unaoweza kuhesabu hata chembe mojamoja za nuru.

Lakini ruteni haimjui bakteria. Anayemjua ni kingamwili, protini yenye umbo la herufi Y ambayo mwili wa mnyama huitengeneza kwa ajili ya adui mmoja maalumu. Ncha zake hushika alama iliyo juu ya ngozi ya bakteria huyo na kumwacha mwingine. Kipimo hupangwa hivi: punje ndogo za sumaku, nyembamba kuliko unywele, hupakwa kingamwili na kumwagwa ndani ya sampuli. Zinazunguka, zinanasa. Kisha hutiwa kingamwili za pili zilizofungwa ruteni mgongoni, nazo humng'ang'ania bakteria upande wa pili, akawa amebanwa katikati kama nyama ndani ya sambusa. Sumaku iliyo chini ya elektrodi huvuta punje zote chini, maji ya kusafishia hupita na kuchukua takataka, na umeme hufunguliwa. Pasipo bakteria hapana ruteni iliyobaki, na giza linaendelea. Wakiwa wengi, nuru huwa kali kwa kadiri ya wingi wao.

Kazi iliyofungua mlango kwa bakteria wa chakula na maji ilichapishwa 1996 na watafiti wawili, Yu na Bruno. Walilenga Salmonella na E. koli wa aina ya O157, aina iliyotambuliwa 1982 nchini Marekani baada ya watu kuugua kwa kula nyama ya kusaga, na ambayo 1993 iliwaumiza watu zaidi ya 700 huko huko na kuua watoto wanne. Watafiti hao walitia bakteria kwenye maziwa, juisi, maji ya nyama ya kusaga, kuku na samaki, na maji ya kijito. Katika kioevu safi cha maabara chombo chao kiliweza kuona bakteria 100 hadi 1,000 katika mililita moja, na kazi nzima ilizidi saa moja kwa nadra sana.

Nyama ya kusaga si mfano wa kubahatisha. Kwenye mshikaki, chakula ambacho Waomani waliotoka Zanzibar wanaoishi Maskati hukiita kwa jina lilelile la Unguja, bakteria hukaa juu ya kipande cha nyama, na juu ndiko moto wa makaa unakopiga kwanza. Mashine ya kusagia huchukua kilichokuwa juu na kukipeleka katikati, mahali ambapo moto hufika mwisho. Ndiyo maana kababu iliyobaki nyekundu ndani ina hatari ambayo mshikaki wa vipande haina kwa kiasi kile. Mpishi hawezi kuijua kwa jicho wala kwa pua, kwani E. koli O157 haozeshi nyama wala haibadilishi harufu, na wachache tu, pungufu ya mia, huweza kumuumiza mtu.

Tarakimu za 1996 zinavutia, na tangu hapo makala nyingi za kisayansi zimedai kuona bakteria wachache zaidi. Hapa ndipo sifa inapozidi kipimo, na msomaji anapaswa kupiga hesabu mwenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maji ya kunywa unataka asionekane E. koli hata mmoja katika mililita 100. Kihisi kinachoona bakteria 100 katika mililita moja maana yake kinaona 10,000 katika mililita 100. Maji yenye bakteria 5,000 yangepita mbele yake nacho kikabaki giza. Ruteni haina hatia hapo, inawaka vizuri. Tatizo ni kwamba elektrodi yenye upana wa ukucha huonja tone, nao bakteria wametawanyika ndani ya pipa. Shida ya vipimo hivi haiko kwenye kuona, iko kwenye kunasa.

Pengo hilo hupunguzwa kwa hatua mbili, na hakuna ya mkato. Ya kwanza ni kuyachuja maji kama zamani, halafu kuwakusanya walionaswa ndani ya mililita moja. Ikiwa hakuna anayepotea njiani, faida ni mara 100. Ya pili ni kuwapa chakula na joto kwa muda. E. koli mwenye afya hugawanyika kuwa wawili kila dakika 20 hivi, kwa hiyo mmoja huwa takriban 1,000 baada ya mizunguko kumi, yaani saa tatu na dakika 20. Kwenye maji halisi huchukua zaidi, kwa sababu bakteria aliyejeruhiwa na klorini hukaa kwanza akijiuguza. Hata hivyo sampuli ya saa mbili asubuhi inaweza kupata jibu kabla ya magharibi ya siku ileile. Kutoka siku nzima hadi siku ya kazi moja ndiyo faida ya kweli kwa maji ya kunywa, na ni kubwa. Anayeahidi jibu la dakika tano kwa maji ya bomba anaahidi zaidi ya alichonacho.

Muda wa kustawisha una faida ya pili isiyosemwa sana. Kingamwili humshika bakteria aliye hai na maiti yake bila kubagua, maana alama za ngozi hubaki baada ya kifo. Maji yaliyotiwa klorini ipasavyo yanaweza kujaa maiti na kuwasha nuru bure, na watu wakaambiwa wamwage maji safi. Maiti hazaani. Zikipimwa sampuli mbili, moja kabla ya chakula na nyingine baada ya saa kadhaa, nuru iliyoongezeka ndiyo habari. Watafiti wengine badala ya kingamwili hutumia virusi vinavyoshambulia bakteria, vilivyogunduliwa na Frederick Twort 1915 na Félix d'Hérelle 1917. Kila kirusi cha namna hiyo kina windo lake, na hakiwezi kuzaliana ndani ya windo lililokufa.

Upande wa mgonjwa mambo hugeuka kabisa. Kinyesi cha mtu mwenye kipindupindu, kile cheupe kama maji ya mchele, hubeba vibrio, bakteria wa ugonjwa huo, milioni kumi hadi bilioni katika mililita moja. Hapo hakuna haja ya kuchuja wala kustawisha, kwa kuwa hata kihisi dhaifu huwaona. Kinachotakiwa ni kutomtuhumu asiye naye. Zanzibar inalijua somo hilo. Katika mlipuko wa 2009 kipimo cha haraka cha kijiti, kinachotokeza mistari ya rangi ndani ya dakika chache, kilijaribiwa visiwani na matokeo yake kulinganishwa na kipimo cha kustawisha bakteria kwenye kisahani. Kiliwakamata wagonjwa zaidi ya tisa katika kila kumi, ila kati ya wasiokuwa na kipindupindu karibu nusu waliambiwa wanacho. Mstari wa rangi hafifu husomwa kwa jicho la mhudumu aliyechoka, chini ya mwanga wa hema. Nuru ya elektrodi husomwa na mashine kama tarakimu, na mpaka kati ya ndiyo na hapana huwekwa mapema. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya njia hii ifae kujaribiwa mahali kama maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Pemba, iliyofunguliwa 2000.

Maskati na Unguja zimeunganishwa na kipindupindu kwa muda mrefu kuliko zilivyounganishwa na ndege. Mwaka 1821 ugonjwa ulivuka kutoka India ukaingia Maskati na kuua maelfu, na mlipuko wa wakati huo ulifika pia mwambao wa Afrika Mashariki. Daktari James Christie, aliyetibu watu Zanzibar wakati wa mlipuko wa 1869 na 1870, alichapisha 1876 kitabu kinachofuata nyayo za ugonjwa huo kupitia njia za misafara na majahazi. Aliuona ukishuka kutoka bara hadi Pangani, kisha ukavuka mlango wa bahari hadi kisiwani. Kijidudu chenyewe hakuwahi kukiona. Robert Koch alikitenga miaka michache baadaye, 1883 na 1884, kule Misri na India. Ushahidi wa Christie ulikuwa majina ya waliokufa, na huo huja umechelewa daima.

Maji ya Azaiba ya leo hayatoki kisimani kama ya zamani hizo. Mlango wa pili, Ghubra, palijengwa mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa matamu, ambao kitengo chake cha kwanza kilianza kazi 1976, na tangu 2016 kuna mtambo mwingine wa kusukuma maji kupitia utando, wenye uwezo wa mita za ujazo 191,000 kwa siku. Maji yanayotoka humo hayana bakteria, kwani yamepenya utando ambao hata chumvi hushindwa kuupita. Uchafu huingia baadaye: kwenye bomba lililopasuka, kwenye gari la maji, kwenye tangi ambalo kifuniko chake kimepeperushwa. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kilipokata maji ya bomba Maskati kwa siku kadhaa, watu walipanga foleni mbele ya magari ya maji. Siku kama hizo ndizo ambazo jibu la kesho halimfai mtu, na gari lililosimama mtaani lingefaa kupimwa kabla ya kurudi kujaza tena.

Kuipeleka maabara hadi kwenye gari la maji ni kazi iliyoanza lakini haijakamilika. Elektrodi siku hizi hupigwa chapa kwa wino wa makaa juu ya kipande cha plastiki au karatasi, kama inavyopigwa chapa fulana, nazo hutumika mara moja zikatupwa, sawa na kile kijiti cha kupimia sukari. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walionyesha kwamba nuru ya ruteni kwenye karatasi inaweza kusomwa na kamera ya simu ya mkononi badala ya mrija wa gharama. Jicho la simu ni zito kidogo, lakini kwa kinyesi cha mgonjwa au maji yaliyostawishwa linatosha.

Linalosumbua zaidi ni joto. Kingamwili ni protini, na protini iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa Maskati mchana wa Julai huharibika kama yai linavyoganda. Kwa sababu hiyo wengi wanageukia aptama, nyuzi fupi za DNA au RNA zinazojikunja na kushika windo lao kama kingamwili. Njia ya kuzichagua ilibuniwa 1990 na makundi mawili ya Marekani, kila moja kivyake. Zile za DNA hustahimili joto, hukauka zikahifadhika na hutengenezwa kwa mashine bila mnyama. Tripropilamini nayo inatafutiwa mbadala, kwa kuwa ni sumu na hufuka. Na sampuli zenye mafuta ya nyama au chumvi nyingi bado huiziba elektrodi na kuififisha nuru, hivyo kila aina ya chakula huhitaji kusafishwa kwa namna yake.

Ndani ya hospitali njia hii imeshazoeleka muda mrefu. Mashine za Elecsys zilizoingia sokoni miaka ya 1990 hupima homoni za tezi, virusi vya homa ya ini na VVU kwa ruteni na tripropilamini zilezile, na mgonjwa anayepokea karatasi ya majibu hajui kwamba damu yake iliwaka rangi ya chungwa gizani. Damu ni kioevu kimoja chenye tabia zinazojulikana. Maji ya tangi, maziwa, kababu na maji ya bahari ni vitu vinne tofauti, na hiyo ndiyo sababu bakteria wa chakula na maji wamechelewa kufikiwa na kilichokwisha kufikia homoni.

Kwa sasa njia ya busara ni vipimo viwili kwenda pamoja. Sampuli ya tangi la Azaiba ikichukuliwa saa mbili asubuhi, nusu yake huchujwa na kuwekwa kwenye kisahani, nusu nyingine hutiwa mchuzi wa kustawishia na punje za sumaku. Jioni umeme unafunguliwa, na nuru ikitokea, mwenye nyumba anaweza kupigiwa simu afunge bomba la tangi, aondoe takataka za chini na kulitia tangi klorini kabla ya kulala. Kisahani kinabaki kabatini kwenye nyuzi 44 mpaka asubuhi, kisha fundi anakitoa, anakiweka chini ya taa na kuanza kuhesabu vidoa.